Mwezi Mpevu, Maji Yamejaa

Picha za namna hii zinazunguka sana kwenye simu zetu: usiku, mwezi umeshika nusu ya mbingu, jabali linaelea hewani na mikarafuu juu yake, chini ngalawa imetulia kwenye bahari iliyojaa pomoni. Mmoja kwenye kundi ataandika “mashallah”. Mwingine hatakawia kujibu kwamba huo ni upuuzi wa kompyuta, mchoraji hasa ni yule anayekaa Mji Mkongwe na brashi yake.

Huyu wa pili ana hoja, ila si ya brashi. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alipaka rangi ya baiskeli juu ya vibao, na leo maduka ya mtaa wa Hurumzi, Mji Mkongwe, yamejaa picha za mtindo wake. Hakuna mnunuzi anayeuliza rangi imetoka wapi.

Hoja yake nzito ni ya mashine zinazotoa picha kwa kuandikiwa maneno. Zimelishwa kazi za watu bila idhini yao, na Januari 2023 wachoraji watatu walifungua kesi California kwa sababu hiyo. Mwaka huohuo ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kusajili picha ya Jason Allen, ile iliyompa ushindi kwenye maonyesho ya Colorado mwaka 2022 baada ya kuitengeneza kwa Midjourney, mojawapo ya mashine hizo. Hapo sibishani. Lakini Photoshop, programu ya kuchorea na kurekebishia picha, ipo tangu 1990, na wako wanaokaa usiku kucha wakichora kwa kidole au kalamu juu ya kioo, tabaka juu ya tabaka. Hao nao watiwe kapu moja na mashine?

Picha ya njozi haidaiwi kitu kilichopo, inadaiwa ishike sheria yake yenyewe. Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, mwaka 1959, alichora ngome juu ya mwamba ulioning'inia juu ya bahari. Kasema uongo mmoja tu. Jiwe ni jiwe kweli, wimbi ni wimbi kweli. Kwa hiyo mtazamaji aulize: mwanga unatoka wapi, na kivuli kimeangukia upande gani?

Na sisi wa visiwani tuna swali letu jingine, ambalo mhakiki aliyekulia mbali na pwani hawezi kulifikiria. Mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu bamvua hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na tena alfajiri, kisha hupwa mpaka mwisho wake kwenye saa nne; tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita nne. Mwezi wa kumi na nne ukichomoza, wakati wa magharibi umeingia, maji tayari yanatoka. Saa nne usiku, mwezi uko juu, pale Jambiani utatembea kwa miguu baina ya vijiti vya mashamba ya mwani. Basi mwezi mpevu uko juu kabisa mbinguni na bahari imejaa pomoni? Kwangu hilo ni ajabu kuliko jabali linaloelea. Kama mchoraji alijua na akafanya makusudi, fundi huyo. Kama hakujua, kachora pambo la skrini.

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, anayechora kwa kidole kwenye simu, alinionyesha yake. Miezi miwili, na bahari imekwenda mbali hata haionekani, maana kama mmoja unavuta maji hivi, miwili je? Ngalawa imeinamia upande mmoja juu ya mchanga, na kila tengo, ule mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke, lina vivuli viwili, kimoja kizito, kimoja hafifu. Ukivuta picha karibu unaona henza, kamba ya kupandishia tanga, imelegea, kama inavyokuwa tanga likishateremshwa. Mashine, uiombe ngalawa, huenda ikakupa yenye matengo upande mmoja tu.

Lipo bado lalamiko la wachoraji wa rangi, kwamba nakala zilizochapwa za picha za kompyuta zinawaondolea wateja, na sioni wa kuwalaumu: turubai moja huchukua siku, nakala huchukua dakika. Dawa yake si kumdharau kijana wa Wete. Duka linalouza nakala liandike nyuma yake jina la aliyechora, na kama ni mashine, liandike mashine. Bei itajipanga yenyewe.