Kabla hamjaiona ile video

Najua imeshawafikia. Chalii mmoja ambaye mpaka Jumamosi asubuhi nilikuwa namwita rafiki ameirusha kwenye magrupu yote ya Arusha, Sakina mpaka Usa River, na juu yake kaandika "Mlinzi wa tangi Ngaramtoni". Mnaona sekunde arobaini za mtu mzima amebandika makalio kwenye simtanki ya watu huku anatetemeka. Yaliyotangulia hayamo.

Baridi ya Julai huku mnaijua. (Wa Dar nyamazeni. Njooni mlale hapa usiku wa nyuzi 12, upepo umeshuka Meru unapita chini ya mlango kama mwenye nyumba.) Nimepanga nyumba ya zamani, ina ile sehemu ya kuotea moto ukutani yenye dohani, na nilishatamba kazini kwamba mwaka huu sivai koti ndani. Nikanunua mkaratusi, kirikuu kizima, umekatwa kwa chenso vipande vya urefu wa mkono, mbichi mpaka unalia maji. Mzee aliyeniuzia akaniambia niupasue hivyohivyo mbichi, maana ukikauka unakuwa chuma, nyuzi zake zimejisokota, shoka linaingia halitoki. Hilo nililishika. Aliongeza kitu kuhusu kuuacha ukauke, hapo nilikuwa natafuta chenji.

Shoka nililikuta stoo, kichwa kinacheza kwenye mpini. Chalii akasema, "Loweka kwenye ndoo usiku kucha, mti utavimba." Nikaloweka, likakaza kweli. Ila nililiweka majini Jumatatu, Jumanne nikalitoa, halafu likashinda juani mpaka Jumamosi. Mafundi mmeshaanza kucheka, nawasikia. Mti uliovimba kwa maji ukikauka unasinyaa, na kichwa kinalegea kuliko mwanzo.

Vipande vitatu vya kwanza vilipasuka vizuri mno. Nikavua shati. Nikamwambia chalii, kwa mdomo wangu mwenyewe, "Hebu nirekodi."

Nikasimamisha gogo la nne. Nikatema mate viganjani kama nilivyoona wazee wakifanya. Nikapeleka shoka nyuma mpaka mgongoni, nikavuta pumzi, nikashusha kwa nguvu zote za ukoo.

Ko!

Mpini mtupu. Gogo linanitazama, mimi nalitazama. Kichwa cha shoka hakipo. Nikajipapasa utosini kwanza, nakiri. Nikaangalia juu ya bati. Nikamwangalia chalii, yeye ananyoosha kidole nyuma yangu, hasemi neno, na simu haishushi.

Nikageuka taratibu. Ng'ambo ya ua wa michongoma liko tangi la yeyo jirani (yeyo ndiyo mama, kwa Kimaasai), lita 1,000, la siku nyingi, limekakamaa kwa jua, na limejaa maji ya mgawo yaliyotoka usiku huo. Katikati ya ubavu wake, usawa wa kiuno changu, kichwa cha shoka kimesimama kama kimepigiliwa na fundi.

Na sasa nisikilizeni vizuri: halikuwa linavuja. Hata tone! Shoka lilikuwa limejiziba lenyewe. Mtu mwenye busara angeliacha pale, akaenda kumtafuta yeyo, akapiga magoti. Mimi nikaruka ua nikalichomoa.

Maji yalinipiga kifuani bila shati. Nikaweka kiganja, yakatokea pembeni. Viganja viwili, yakaingia mikononi hadi kwapani. Nikageuka nikaegemea kwa nyuma. Yakakoma. Ndiyo, hicho ndicho kiungo pekee cha mwili wangu kilichoweza kazi, na ndipo video inapoanzia.

"Nisaidie wewe!"

"Subiri, mwanga mzuri hapa."

Geti likalia. Yeyo na kikapu chake, katoka sokoni.

"Shikamoo yeyo."

"Marahaba. Umekuja kuota jua kwangu?"

"Hapana yeyo. Nimeegemea tu."

"Bila shati."

"Ndiyo yeyo."

Akatazama shoka mkononi mwangu. Akatazama maji yanayochuruzika kwenye suruali yangu. Hakugomba, angegomba ingekuwa nafuu. Aliingia ndani akatoka na kipande cha sabuni ya mche, akanisukuma kama anavyosukuma ndama, akakandamiza sabuni kwenye ufa mpaka ukaziba. Dakika mbili.

Fundi kashakuja, kaweka kiraka, nimelipa. Mafua ninayo. Nusu ya kuni nimempelekea yeyo kwa radhi, akazikubali, akazipanga juu ya mawe chini ya upenu wake, akanieleza kile ambacho mzee alikisema wakati natafuta chenji: mbichi hizi nusu ya uzito ni maji, nikiwasha leo nitapata moshi tupu.

"Zitafaa lini, yeyo?"

"Krismasi."

Naandika haya nikiwa na makoti mawili.