Ngome ya Lamu ina asili ngapi?

Mpwa wangu anasomea usanifu wa majengo, na mwaka huu ameamua kuandika tasnifu yake juu ya Ngome yetu ya Lamu. Wiki iliyopita alinikuta Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, baada ya alasiri, akafungua daftari. "Mjomba, ramani ya asili ya Ngome nitaipata kwa nani?"

Swali hilo sijalimaliza moyoni hadi leo. Naona neno "asili" litampoteza.

Husimuliwa kwamba aliyeanza kuijenga ni Fumo Madi, sultani wa Pate, kisiwa jirani, naye alipofariki, yapata mwaka 1809, hata dari ya kwanza ilikuwa haijakamilika. Kisha vikaja vita vya Shela. Waamu, yaani watu wa Lamu, wakawashinda Wapate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, lakini wakahofia kulipiziwa kisasi, wakaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Ngome ikaja kukamilika yapata mwaka 1821. Yaani ilianzwa na Mpate, ikamalizwa ili Mpate asirudi! Sasa asili ni ipi hapo? Mimi nasema ni zote mbili, na mchoro wake uzioneshe zote mbili, dari kwa dari.

Nilimwambia aweke kando karatasi kwanza, apime vyumba. Fundi wa zamani hakuanza na upana autakao, alianza na boriti alizoletewa kutoka mikokoni. Boriti ikivuka mita 3 hivi hulemewa na dari ya mawe na chokaa, ndiyo maana vyumba vya kale vya mji huu ni virefu na vyembamba. Akikuta chumba kipana kuliko hivyo, atafute mhimili, na akiukosa ashuku mkono wa baadaye. Atazame na lipu. Chokaa ya matumbawe yaliyochomwa huuacha ukuta upumue, ilhali saruji hufungia unyevu na chumvi ndani mpaka lipu ibambuke. Pale palipobambuka asipite haraka, maana nyuma yake huenda pana mlango uliozibwa.

Tulipofika kwenye habari ya jela ndipo tulipokosana. Kuanzia 1910 hadi 1984 Ngome ilikuwa jela, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mpwa wangu anataka kuiondoa miaka hiyo kwenye michoro, ibaki Ngome "safi" kama ya 1821. Sikubali hata kidogo. Hiyo ni miaka 74! Watu walifungwa mle, na sisi tuliokulia hapa tulilijua lango lile kuwa la kuogopwa. Mama yangu hadi leo hapendi kuketi kwenye ngazi zake, hata jioni ambapo mji mzima umejaa pale. Kila ukuta uliojengwa kugawa vyumba vya wafungwa uchorwe, upimwe, uandikiwe mwaka wake ukijulikana. Atakayekuja kukarabati kesho akikuta hauko kwenye mchoro, ataubomoa akidhani ni takataka.

Alininyamazia kidogo, kisha akauliza kama namjua fundi yeyote aliyewahi kutia chokaa kuta zile. Namjua mmoja, yuko mtaa wa Langoni, macho yamepungua nuru lakini mikono ingali inakumbuka. Jumamosi tunakwenda kwake. Mpwa wangu atabeba futi na daftari, mimi nitabeba kahawa.