Call of Duty si Battlefield iliyoshindwa

Tangu Oktoba 2025, mabishano ya gemu za risasi hapa Arusha yana hukumu moja. Battlefield 6 ilitoka tarehe 10, EA, kampuni inayoiuza, wakatangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 7 zimeuzwa ndani ya siku tatu, na Call of Duty: Black Ops 7 ilipofuata Novemba 14 wengi walikuwa wameshafunga kesi: Battlefield ni ya watu wazima, Call of Duty ni ya madogo wanaokimbia ovyo. Pita Njiro, Sakina au Ngarenaro, utaisikia kauli hiyo hiyo. Mara nyingi anayeitoa ana PS5 yake sebuleni na intaneti isiyokatika. Mimi naona kesi imeamuliwa kabla ya mshitakiwa kusikilizwa.

Haki ya Battlefield ipo, tena kubwa. Tangu Battlefield 1942 ya mwaka 2002, watengenezaji wake, studio ya DICE ya Stockholm, wanauza ahadi moja: vita kubwa ambayo wewe ni mtu mmoja tu ndani yake. Kuna vifaru, kuna ndege, na tangu Bad Company ya 2008 kuna kuta zinazobomoka ukiwa umejificha nyuma yake. Asiyejua kulenga bado ana kazi. Anafufua wenzake, anakarabati kifaru, anagawa risasi, na mechi ikiisha jina lake linaweza kukaa juu ya jina la mpiga shabaha. Mchezaji aliyezoea hivyo anakuwa na madai, na ana haki nayo. Ndiyo maana Battlefield 2042 ilichapwa vibaya Novemba 2021. Iliongeza wachezaji hadi 128, lakini ikaondoa vitengo vya askari na kuleta wahusika wenye majina na mbwembwe zao, halafu ikaingia sokoni bila mazungumzo ya sauti na bila ubao wa matokeo uliozoeleka. Waliotengeneza walidhani watu wanapenda ukubwa, kumbe wanapenda kuwa na kazi inayoeleweka. Toleo la 2025 lilirudi kwa wachezaji 64 na vitengo vinne: mshambuliaji, fundi, msaidizi na mpelelezi. Milioni 7 zile ndizo jibu la wateja.

Kinachonishangaza ni kwamba washabiki hao hao, walionuna gemu yao ilipopotoshwa, wanaidai Call of Duty iwe kitu ambacho haijawahi kuahidi. Ramani zake ndogo wanaziita umaskini. Mechi fupi wanaiita papara. Moshi kuna Kilimanjaro Marathon kila mwaka, na sijasikia mtu pale akimcheka mkimbiaji wa mita 100 kwamba amechoka mapema.

Call of Duty, hasa tangu Modern Warfare ya 2007, inaahidi hivi: sita kwa sita, ukifa unarudi baada ya sekunde chache, na mechi ya kawaida ya timu haizidi dakika kumi. Hizo dakika kumi ndizo nataka tuzikalie, kwa sababu wachambuzi wengi wanazipita haraka.

Kijana wa Kaloleni anayecheza kibandani analipia muda. Ana nusu saa. Mechi moja ya Battlefield ya kuteka maeneo inaweza kuimeza yote: anatafuta gari, anavuka uwanda, anapigwa na mtu asiyemwona, anaanza tena, na kabla hajaelewa upande wake unashinda au unashindwa mwenye kibanda anamwambia muda umeisha. Hapo umeme haujakatika na nyumbani hawajamwita. Nusu saa hiyo hiyo kwenye Call of Duty ni mechi tatu kamili. Ya kwanza anafungwa, ya pili analipiza, ya tatu wanamaliza ubishi. Anatoka akiwa na matokeo mkononi. Mwenye muda mwingi hawezi kuona thamani ya hilo, maana yeye hajawahi kukatishwa mechi katikati.

Halafu kuna jambo ambalo ulinganisho wa mtandaoni hauligusi kabisa: skrini iliyogawanywa. Black Ops II ya 2012 na Black Ops III ya 2015 zinakuruhusu kucheza wawili kwenye mashine moja, televisheni moja, bila intaneti, mkajaza nafasi zilizobaki kwa askari wa kompyuta. Machalii wawili wanakaa benchi moja, nusu ya juu ni ya huyu, ya chini ni ya yule. Sasa angalia macho yao. Mzoefu hatazami upande wake tu, anachungulia nusu ya mwenzake ajue amejibanza wapi. Na mwenzake, kwa kulijua hilo, anamgeuza askari wake auelekee ukuta, ili nusu yake ya skrini ionyeshe matofali matupu, huku masikio yakisubiri hatua za miguu. Huo ni ufundi, na umezaliwa benchini. Battlefield haijawahi kuupa nafasi. Hata Battlefield 6 ilipotoka haikuwa na skrini ya kugawana.

Kwa wanaocheza kwenye simu sina la kurefusha. Call of Duty: Mobile ilitoka Oktoba 1, 2019, bure, ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki ya kwanza. Battlefield ya simu ilifutwa na EA Januari 2023 ikiwa bado kwenye majaribio. Mwanafunzi wa Majengo kule Moshi mwenye simu na bando la wiki hana gemu mbili za kulinganisha. Iliyomfikia ni moja.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni umbali wa seva, yaani kompyuta zinazoendesha mechi za mtandaoni, na siidharau. Seva ikiwa Johannesburg, kutoka Arusha ni kama kilomita 2,700 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 27, na nyaya zenyewe hazinyooki: zinashuka pwani kwanza, ndipo zifuate bahari. Seva ikiwa Ujerumani, hesabu hiyo inazidi mara mbili. Kwenye Call of Duty mtu anakufa ndani ya chini ya nusu sekunde tangu risasi ya kwanza imguse, kwa hiyo aliye mbali na seva anaweza kufa kabla hajamwona aliyempiga. Fundi wa vifaru kwenye Battlefield haumizwi sana na kuchelewa huko. Ongeza ukubwa wa faili, maana Modern Warfare ya 2019 ilivuka GB 200, na bei ya dola 70 karibu kila mwaka. Kwa mchezaji wa mtandaoni wa hapa kwetu, Battlefield inaweza kuwa chaguo la busara. Lakini hoja hiyo inahusu nyaya na pochi. Haithibitishi kwamba anayetaka mechi fupi hajakomaa.

Ninachoilaumu Call of Duty ni kwamba imeanza kuwasikiliza wanaoidharau. Mapema 2024 Activision, kampuni inayoiuza, walijaribu kupunguza uzito wa uwezo katika kupanga wachezaji, yaani kutojali sana kwamba wanaokutana wawe wa kiwango kimoja, na kwenye ripoti waliyoitoa mwaka huo walisema asilimia 90 ya wachezaji walipungua kurudi. Walioongezeka ni ile asilimia 10 ya wakali. Ni takwimu za muuzaji, sawa, ila zinaeleza kitu kinachoonekana kila siku: mgeni akikutanishwa na wababe, haandiki malalamiko, anaondoka kimya. Wanaopiga kelele ni wakali. Pamoja na hayo, Black Ops 7 imekuja na upangaji ulio wazi, uwezo ukipewa uzito mdogo tu, kama wakali walivyotaka. Wakiendelea hivyo, dogo anayejaribu kwa mara ya kwanza atachapwa mechi zake tatu zote za ile nusu saa, na siku atakayorudi kibandani ataomba awekewe diski ya mpira.