Niletee Namba 32

Mimi ni mtu wa kula nyumbani. Na kwa kuwa mke wangu ana mgahawa pale karibu na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, kula nyumbani na kula mgahawani kwangu ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba mgahawani nakaa benchi la nyuma, jirani na jiko. Silipi. Miaka 14 ya ndoa sijawahi kuulizwa nitakula nini. Naletewa. Kama ni wali maharage, ni wali maharage. Maharage yakiisha naletewa wali na pole.

Sasa mwezi uliopita mama watoto akaja na jambo jipya. "Baba watoto, na sisi twende Dar wikiendi, tukale."

Nikamuuliza tukale wapi, kuna msiba au kuna harusi? Akasema hakuna kitu, tunakwenda kula tu. Mahotelini. Watu siku hizi wanatoka auti. Nikamwambia mtu mwenye masufuria sita ya chakula akisafiri kilomita karibu 200 kwenda kutafuta chakula, huyo ni sawa na muuza mkaa anayekwenda kwa jirani kuomba kijinga cha moto. Akacheka, akaenda zake kukata tiketi. Nilitakiwa nishtuke hapo hapo. Mke wangu huwa hacheki utani wangu.

Treni ya umeme yenyewe sina ugomvi nayo. Elfu 13 kila kichwa, wanataka na kitambulisho utadhani unafungua akaunti benki, unapandia Kihonda, na hayajatimia masaa mawili uko Dar. Ugomvi wangu ni madirisha. Hayafunguki! Enzi za basi ukifika Chalinze, kabla gari halijasimama vizuri dirisha limeshajaa mikono: machungwa, korosho, mayai ya kuchemsha na chumvi yake ndani ya kikaratasi. Mtu unashuka Dar unacheua. Humu nimekaa natazama skrini imeandika 160, Ngerengere imepita, Ruvu imepita, na sijatafuna hata karanga. Najua kuna mgahawa humo ndani ya treni. Lakini yai ambalo muuzaji hajalikimbizia gari halina ladha, huo ndio msimamo wangu.

Pembeni yangu mama watoto akatoa daftari mkobani. Lile la madeni, jalada la bluu, lenye majina ya nusu ya madereva wa Msamvu. Nikamuuliza umelileta la nini? Akasema alisahau kulitoa. Nikaridhika. Ndiyo shida ya kuwa na njaa, mtu unaridhika upesi.

Tulifikia gesti moja Kariakoo. Joto la Dar mnalijua, na feni ya chumba chetu ilikuwa inazunguka kama inajiuliza kwanza. Mchana tukaita teksi ya kwenye simu, tukapita Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, linapita juu ya bahari kilomita moja na kidogo, mama watoto ananionyesha mawimbi, mimi naangalia mita ya nauli. Hao, Masaki.

Mgahawa wenyewe sitautaja. Wao wana walinzi, mimi nina pikipiki za watu zinanisubiri gereji. Tumefika mlangoni, binti amesimama na kitabu. "Karibuni. Mmeweka nafasi?" Nikachungulia ndani, meza kama ishirini, zenye watu tatu. Nikamwambia, "Nafasi naiona, mwanangu." Mama watoto akanifinya.

Tumekaa, akaja kijana wa shati jeupe. Nikaomba menyu. Akanisogezea kibao chenye mraba wa madoa meusi, kama kitambaa kilicholiwa na mende. "Unakipiga picha, mzee, menyu inakuja kwenye simu." Simu yangu ni kitochi. Nikamwambia hii, kijana, inachoweza ni kukimulika tu hicho kibao. Mama watoto akatoa yake, menyu ikaja, nikainama kusoma.

Samaki 32. Kuku 28. Supu ya boga 15. Nikasema moyoni, wenzetu wamejipanga, chakula kina namba kama foleni ya benki. "Kijana, niletee namba 32."

"Hiyo ni bei, mzee."

Jamani, nilifurahi. Samaki shilingi 32! Nikataka kuagiza na wa kubeba. Kijana akainama karibu na sikio langu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Ni elfu, mzee. Sufuri tatu huwa hatuziandiki."

Sasa nikataka kujua hizo sufuri ziliwakosea nini. Kama wana uwezo wa kuzifuta kwenye menyu, wazifute na kwenye bili, haki itendeke. Kijana akakimbilia maji. Mnakunywa maji ya kawaida au yenye gesi? Nikamwambia gesi sisi tunapikia, na yenyewe imepanda bei, lete ya kawaida. Chupa moja elfu 5. Nusu lita ileile ninayonunua dukani nikiwa natengeneza pikipiki ya mtu, na bado naona mwenye duka kaniibia.

Tulisubiri sana. Hatimaye ikaja sahani. Sahani, siyo chakula. Kubwa kama kifuniko cha sufuria la pilau ya maulidi, na katikati, peke yake, kipande cha samaki kiasi cha betri ya simu. Kichwa hana. Mkia hana. Samaki hana kichwa, utamtambuaje? Pembeni kuna mchuzi wa embe uliochorwa mstari mmoja, kama mtu alikuwa anatia saini wino ukamwishia. Wali umesimama kivyake, mviringo, hauna ushirikiano na mtu. Na juu ya samaki, jani.

Nimeshika uma, mama watoto akanidaka mkono. "Subiri." Akapiga picha ubavuni. Akapiga picha kwa juu, amesimama. Nikajua ndiyo mambo ya stetasi, mashoga zake wote wa kikoba waone. Kisha akaweka simu chini, akatandaza vidole, akapima sahani kwa shubiri. Moja na nusu.

"Wali wameugeuza na kikombe," akasema, siyo kwangu, anaongea na wali.

Kijana alipopita akamwita. "Samahani kaka, hili jani ni la nini?"

"Ni pambo, mama."

"Linaliwa?"

Kijana akafikiri. Naona kazini hajawahi kuulizwa. "Linaweza kuliwa."

Akaandika. Wallahi akaandika, kwenye ukurasa wa dereva mmoja wa noah anayedaiwa chai na chapati tangu Pasaka. Nilipomaliza kula, na sikuchukua muda, akaipindua sahani yangu akasoma mgongoni imetengenezwa wapi. Nikatazama bahari. Mtu ukiona aibu, bahari inasaidia.

Bili ikaletwa ndani ya kiboksi cha mbao, kama pete. Elfu 70, halafu chini yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, jumla elfu 82 na mia sita. Nikamwomba kijana anionyeshe thamani ilipoongezeka, maana mimi nilivyoiona ilikuwa inapungua kila nikipeleka uma mdomoni. Akasema ni ya serikali. Hapo nikanyamaza, mimi ni raia mwema. Lakini sikilizeni hili: mama watoto, mwanamke anayeweza kugombana na muuza nyanya mpaka soko lisimame kwa ajili ya shilingi mia, alilipa. Bila neno. Akadai risiti, akaikunja ndani ya daftari.

Jioni ilikuwa Posta, juu ya ghorofa. Tumekuta mshumaa mezani. Nikamuuliza mhudumu umeme umekatika saa ngapi. "Haujakatika, mzee. Ni mahaba." Nikamwambia kwetu sisi mahaba yanataka mtu aone mwiba ulipo. Niliagiza samaki aina ya changu, mzima, nikamla kwa kupapasa kama napekua mfuko wa mtu, na mama watoto kule ng'ambo anaandika gizani. Akauliza mshumaa mmoja unawaka usiku ngapi. Mimi nikajua ni mwanamke anayefurahia mapumziko yake.

Jumapili nilizinduka na njaa ya watu wawili. Nikaomba angalau tupite Feri, na pale ndipo roho yangu ilipotulia kidogo, maana samaki wa Feri wana vichwa. Wamelala wanakutazama. Mnada unaendelea, maji ya barafu yanakuingia kwenye viatu, kelele mpaka unasahau jina. Tukanunua vibua, tukawapeleka kwa wakaangaji, tukala tumesimama, na ndimu na pilipili, kwa pesa ambayo Masaki ingekupa maji ya kawaida na mabadiliko ya hewa. Mama watoto alikula kimya. Daftari hakulitoa. Kama ningekuwa na akili ningejiuliza, mbona hapa haandiki? Lakini nilikuwa na kibua mdomoni.

Tukarudi Moro. Jumatatu na Jumanne nilikuwa na injini ya mtu imefunguliwa chini, nikala miwa. Jumatano mchana nikaenda zangu mgahawani kama kawaida, nikapitia nyuma.

Benchi langu halipo.

Pale lilipokuwa pana meza, ina kitambaa, na juu ya kitambaa mshumaa unawaka saa saba mchana. Binti wa kazi amevaa shati jeupe. Nikamwambia niletee chakula. Akaniuliza, "Utakula nini, baba?" Miguu ikaniisha nguvu. Nikasema lete menyu. "Ipo kwenye simu." Nikatoa kitochi, nikamwonyesha. Akaingia jikoni kushauriana, akatoka na kibao cha chaki: WALI MAHARAGE 4. WALI SAMAKI 7. CHAI 1.

Meza ya jirani madereva wawili wanabishana. Mmoja anasema chai sasa ni shilingi moja, mke wa fundi ameingia siasa. Mwenzake anamwambia kunywa upesi kabla hawajarekebisha.

Nikaletewa. Sahani nyeupe, mpya, bila shaka shubiri moja na nusu. Wali umesimama kama kichuguu, alama ya kikombe nimeiona kwa macho yangu. Maharage, nilihesabu, yalikuwa 23, yamepangwa kuuzunguka. Mstari wa mchuzi upo. Na pembeni ya sahani, daftari la bluu limefunguliwa ukurasa mpya, juu kabisa limeandikwa jina langu, wino haujakauka. Elfu 4. Chini yake, asilimia 18.

Mama watoto amesimama mlangoni mwa jiko, amefunga khanga kiunoni, ananitazama nitaanzia wapi.

Nikanyoosha kidole juu ya wali, kwenye tembele moja bichi lililolala pale peke yake. "Na hili?"

"Linaweza kuliwa," akasema.

Nikalila.