Launeddas haipandi ufunguo

Nyimbo za pop za Italia, hasa zile za Sanremo, tamasha kubwa la nyimbo nchini humo, zina hila moja inayojulikana: kiitikio cha mwisho hupandishwa nusu toni au toni nzima ili wasikilizaji wasisimke. Mwimbaji anaweza, kinanda kinaweza, gitaa linaweza. Launeddas, ala ya kupuliza ya kisiwa cha Sardinia, haiwezi, na hapo ndipo penye shida ya mseto mwingi wa ala za jadi na muziki wa kisasa nchini Italia. Wimbo hutungwa mpaka ukamilike, kisha fundi wa ala ya jadi huitwa studio aje aunyunyizie ladha. Kwa maoni yangu utaratibu huo umegeuzwa. Ala ndiyo iamue ufunguo, mwendo na nafasi ya sauti nyingine, wimbo ufuate.

Launeddas ni mabomba matatu ya matete yanayopulizwa kwa pamoja. Lile refu, tumbu, halina tundu la kidole hata moja; linatoa noti ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Limefungwa pamoja na mancosa, inayochezwa kwa mkono wa kushoto, na la tatu, mancosedda, hushikwa kwa mkono wa kulia. Mpigaji huvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma, kama wafanyavyo wapiga zumari wa pwani yetu, kwa hiyo sauti haikatiki. Kulinganisha sauti ni kazi ya nta ya nyuki: ukibandika kidogo kwenye ncha ya ulimi wa tete, ulimi unakuwa mzito na sauti inashuka, ukiipunguza, inapanda. Lakini nta inasahihisha kasoro ndogo tu. Ukitaka ufunguo mwingine unachukua seti nyingine ya mabomba. Prodyuza akipandisha kiitikio, tumbu linabaki pale lilipokuwa, na kila kodi mpya, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, inagombana nalo.

Kuna ugomvi mwingine usioonekana kwenye karatasi. Ala zenye sauti moja ya kudumu, launeddas na zampogna (zumari ya mfuko wa ngozi) vilevile, hulinganishwa kwa sikio dhidi ya sauti hiyo mpaka mtikisiko upotee. Noti ya tatu ya skeli kubwa ikilinganishwa hivyo hukaa karibu senti 14 chini ya noti ya tatu ya kinanda, yaani kama sehemu moja ya saba ya nusu toni. Ni kidogo, ila kwenye noti ndefu sikio linaikataa. Dawa yake haina gharama: kinanda na gitaa waache noti ya tatu, wapige ya kwanza na ya tano, wamwachie mpuliza tete aiweke ya tatu anapotaka yeye. Dawa mbaya, inayotumika mno, ni kuipitisha ala kwenye programu ya kunyoosha sauti. Programu inavuta kila noti mpaka kwenye kipimo cha kinanda, na kinachobaki hakina tofauti na sauti ya kielektroniki ya bei rahisi.

Upande wa midundo mfano mzuri zaidi uko Salento, kusini mwa Puglia, kwenye pizzica, muziki wa ngoma ya kuchezwa wa huko. Ala yake kuu ni tamburello: tari ya ngozi ya mbuzi yenye visahani vya bati pembeni mwa fremu. Mkono wa kushoto unaishika wima. Wa kulia haunyanyuki kupiga, bali kifundo ndicho kinachozunguka, na kidole gumba, ncha za vidole na kisigino cha kiganja vinagusa ngozi kwa zamu. Kila pigo kuu linagawanyika matatu, kumi na mbili kwa duru. Hayo matatu hayalingani sawasawa. Mpigaji mzuri anayavuta kidogo, na wachezaji wanaifuata mivuto hiyo kwa miguu.

Sasa mtu anafungua kompyuta, gridi ya mapigo imegawa duru sehemu kumi na sita, anaweka biti ya disko na kuibandika tari juu yake. Tari inasikika kama inajikwaa. Akiamua kuyanyoosha mapigo yaingie kwenye gridi, kujikwaa kunaisha, na uhai unaisha pamoja nako. Njia iliyo sahihi ni kurekodi tari kwanza, bila tiktiki ya kompyuta, kisha kuifanya gridi iifuate. Haihati, yale matoazi mawili ya seti ya drams, iondolewe kabisa, maana visahani vya bati viko kwenye eneo lilelile la sauti na vikipandana vinafunika konsonanti za mwimbaji. Besi ya ngozi nayo inahitaji nafasi: ngoma ya mguu ipigwe pale tu tari inapoachia. Na hali ya hewa isidharauliwe. Usiku wenye unyevu ngozi inalegea na sauti kuzama. Hupashwa moto ikaze. Ngozi ya plastiki haina usumbufu huo, lakini mlio wake wa chini ni mkavu.

Tamasha la La Notte della Taranta, linalofikia kilele chake Melpignano kila Agosti tangu 1998, limewaalika waongozaji wa nje ya pizzica, akiwemo mpiga kinanda wa jazi Joe Zawinul mwaka 2000 na Stewart Copeland, mpiga drams wa The Police, mwaka 2003. Nalipenda kwa ujasiri wake. Linanichosha pale okestra inapojaa mpaka tari ishirini zinaonekana jukwaani na hazisikiki.

Anayeonyesha njia bora ni Enzo Avitabile, mwimbaji na mpiga saksafoni wa Napoli, akiwa na Bottari wa Portico, wapiga mapipa. Pipa linatoa sauti ya chini, pipa la wazi la kusindikia divai linatoa ya kati, mundu wa chuma unatoa ya juu. Mgawanyo huo tayari ni seti kamili ya drams, kwa hiyo saksafoni na sauti zinaingia juu ya msingi usiohitaji nyongeza. Kadhalika mwaka 1984, wanamuziki Fabrizio De André na Mauro Pagani walipotoa albamu ya Creuza de mä kwa lahaja ya Genova, udi na buzuki, ala za nyuzi, vilikuwa ndani ya mifupa ya nyimbo. Hakuna anayeweza kuviondoa na kubaki na wimbo.

Anayetaka kuanza na jambo jepesi achukue organetto, kodiani ndogo ya vitufe. Kitufe kimoja kinatoa noti moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Melodi iliyoandikwa kwenye kinanda mara nyingi inamlazimisha mpigaji kugeuza mvukuto katikati ya neno, na wimbo unakatika vipande. Mpe mpigaji kodi na maneno tu, umwache atafute melodi mwenyewe. Pale mvukuto unapogeuka, hapo ndipo mwimbaji avute pumzi.