Jembe lilikuwa adhabu shuleni kwetu

Kuna kitu kimenikaa moyoni siku nyingi acha leo nikiseme. Sekondari niliyosoma huku Dodoma ukichelewa namba ya asubuhi (ile ya kuhesabiwa mstarini) unapewa eneo ulime, ukiongea Kiswahili unapewa eneo, ukifeli hesabu ndo eneo linaongezeka. Na mwalimu akikasirika kabisa anakwambia endelea hivyo hivyo utaishia kulima zabibu kama baba yako.

Sasa mimi baba yangu alikuwa na heka moja na nusu ya zabibu kule Mpunguzi, na ni hiyo heka ndo ilinilipia ada, maana kipindi hicho ada bado ipo, haijafutwa mpaka 2016. Nilikuwa nalima lile eneo huku nalia, sio kwa uchovu, ni yale maneno.

Nyerere mwaka 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea alitaka shule iwe na shamba, na shamba liwe sehemu ya masomo, mwanafunzi ajue kwanini mbolea hii na sio ile. Shule nyingi zikabaki na jembe, somo likapotea njiani. Na baadae jembe likawa fimbo.

Mfano mmoja tu. Biolojia tulisoma fangasi, tukakariri majina kwa kiingereza, tukachora na michoro, mtihani nikapata. Nje ya dirisha kuna shamba la jirani zabibu zake zimeshikwa na ubwiriunga, majani yamekuwa meupe kama yamemwagiwa unga, na ule ubwiriunga ni fangasi, kundi lilelile tunalolichora ubaoni!! Hakuna aliyetutoa nje dakika kumi tukaangalie. Mzee wangu alikuwa anapuliza salfa bila kujua inafanyaje kazi, mimi najua fangasi bila kujua kama wako shambani kwetu. Tunaishi nyumba moja.

Ndo maana sera mpya ya elimu ilipoleta mkondo wa amali, yani masomo ya ufundi na kazi kama kilimo, kidato cha kwanza wakaanza 2024, mimi nilifurahi sana. Ila juzi naongea na dada yangu kuhusu mwanae ananiambia "mdogo wangu, mtoto kafaulu vizuri hivi halafu nimpeleke akashike jembe, si watasema ni kilaza?" Sikumlaumu kwa kweli, na yeye alipewa maeneo ya kulima kama mimi. Mtu aliyefundishwa miaka minne kwamba kulima ni malipo ya ujinga utamwambiaje leo kwamba ni fani, kwamba kupogoa mzabibu kunataka akili, ukikata vibaya umepoteza msimu, na huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka kwahiyo hesabu zake ni nyingi.

Walimu wetu nawaheshimu sana, najua madarasa yamejaa na mishahara mnaijua wenyewe. Nawaomba kitu kimoja tu ambacho hakihitaji bajeti wala waraka wa wizara: mtoto akichelewa namba mpeni adhabu nyingine, ila jembe muache kabisa.