Mkaguzi Akija, Wanafunzi Waulizwe Kweli

Ukaguzi wa shule una ratiba yake. Maandalio ya masomo yanapangwa mezani, madaftari ya mahudhurio yanatolewa, wakaguzi wanaketi nyuma ya darasa na kuandika. Siku hizi, katika nchi nyingi, kimeongezwa kipengele cha mahojiano na wanafunzi. Nakiunga mkono kwa moyo wote. Kinachonikera ni jinsi kinavyofanyika: mara nyingi mtoto anaulizwa katika mazingira ambayo hayamruhusu kujibu.

Tazama wanaoitwa ni akina nani. Mkaguzi anaomba wanafunzi sita, mwalimu mkuu anawachagua mwenyewe. Watakuja viranja na wale wanaojua kujieleza. Wanakalishwa ofisini, mlango uko wazi, mwalimu wa zamu anapitapita nje. Swali la kwanza: "Mnaipenda shule yenu?" Wote wanaitikia ndiyo. Wangejibu nini kingine? Ripoti itasema wanafunzi wameridhika. Yule wa dawati la mwisho, anayetoroka shule kwa kuwaogopa wanaomwonea, hakuitwa, na pengine hata hajui wageni wale walifuata nini.

Mtoto kusikilizwa ni haki yake, hafanyiwi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, na kati ya wanachama wote wa umoja huo ni Marekani peke yake ambayo haijauridhia. Ibara ya 12 inampa kila mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Shule inamhusu nani kuliko mtoto? Ibara ya 28 nayo inataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolinda utu wake. Sasa mkaguzi atajuaje kama utu huo unalindwa, ikiwa anayeadhibiwa hajapata kuulizwa?

Na maswali yenyewe yabadilike. "Unapenda shule?" ni swali la adabu, litajibiwa kwa adabu. Muulize mtoto: mara ya mwisho ulipokosea jibu mbele ya wenzako, nini kilitokea? Ukitaka kwenda chooni kipindi kikiendelea, inakuwaje? Ni sehemu gani ya shule hupendi kupita ukiwa peke yako? Hapo utasikia habari za shule yenyewe. Afadhali zaidi, waache watoto wawatembeze wakaguzi. Mtoto atakuonyesha mlango wa choo usiofungika, jambo ambalo asingelitaja ofisini. Wadogo wachore. Asiyesikia apate mkalimani wa lugha ya alama, tena asiwe mwalimu wake.

Wapo wanaosema watoto watadanganya, au watamkomoa mwalimu mkali. Wengine watajaribu, sikatai. Lakini mkaguzi halimezi neno la mwalimu mkuu bila kulipima. Analinganisha na kumbukumbu, na anachokiona darasani, na wanachosema wazazi. Neno la mtoto lipimwe vivyo hivyo. Hofu yangu kubwa iko kwingine: mtoto anayesema kweli atalindwa vipi gari la wakaguzi likishaondoka? Wanafunzi wachaguliwe na mkaguzi kutoka orodha ya darasa, wawe wengi kiasi kwamba haijulikani nani alisema nini, na anayependa kunyamaza aruhusiwe kunyamaza. Wala mkaguzi asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Mtoto akieleza kwamba anadhuriwa, hatua lazima zichukuliwe, na aambiwe hivyo kabla hajafungua kinywa.

Laura Lundy, profesa wa Chuo Kikuu cha Queen's kilichoko Belfast, alieleza mwaka 2007 kwamba ili Ibara ya 12 itimie mtoto anahitaji mambo manne: nafasi salama ya kusema, msaada wa kutoa maoni yake, msikilizaji anayepaswa kumsikiliza, na maoni hayo kuwa na nguvu ya kubadilisha jambo. Kaguzi nyingi zinajitahidi kwa mawili ya kwanza. Baada ya hapo mtoto anasahaulika. Ripoti inakwenda kwa mwalimu mkuu, kwa bodi na kwa mamlaka ya elimu, kwa lugha ambayo hata mzazi aliyesoma inamchosha. Aliyejibu maswali haletewi chochote. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, inayofuatilia utekelezaji wa mkataba huo, katika Maoni ya Jumla Namba 12 ya mwaka 2009, yaani ufafanuzi wake wa Ibara ya 12, ilitaka watoto waelezwe maoni yao yalivyopokewa na kutumika. Hapa ndipo ninapodai zaidi, kwa kuwa mtoto aliyeulizwa bila kurudishiwa jibu anajifunza kwamba maneno yake hayana kazi, na safari ijayo atasema ndiyo kama wengine.

Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ya watoto: mlituambia haya, tulikuta haya, tumeiagiza shule ifanye haya kufikia mwezi fulani, na hili hatukulikubali kwa sababu hii. Usomwe kila darasa, ubandikwe wanafunzi wanapopita. Ukaguzi unaofuata uanze kwa ukurasa huohuo, wanafunzi waulizwe kipi kimetekelezwa, kabla mwalimu mkuu hajatoa taarifa yake.